Lita Mbili za Akiba: Mwongozo wa Usajili kutoka Kizuka

Kabla ya yote, hesabu mafuta. Timu yetu ya mtaa hapa Kizuka haina akaunti ya benki, lakini kikomo chake cha matumizi kinajulikana na kila mtu: madumu mawili ya mawese kwa msimu, lita 20 kila moja, zawadi ya mzee mmoja mwenye mashine ya kukamulia. Dumu la kwanza tunalishusha Rumonge mjini, linageuka mpira, viatu na nauli. La pili ni la wachezaji. Wachezaji ni 18, kila mmoja anapewa lita moja aipeleke nyumbani, na mama yake anajua kwamba kijana hakushinda uwanjani bure. Zinabaki lita 2.

Hizo lita 2 usiziguse. Watakuja watu na hoja nzuri kabisa za kuzigusa: nahodha anastahili nyongeza, kipa ana mtoto mchanga, mwenyekiti ana wageni. Wape pole, wape chai, mafuta yabaki chini ya kitanda cha mtunza hazina.

Hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada inaendeshwa kwa hesabu hii hii. Ligi yao, NHL, ilifuta msimu mzima wa 2004/05 kwa ugomvi wa fedha kati ya wamiliki na wachezaji, kisha ikarudi na sheria mpya: hakuna timu itakayolipa mishahara zaidi ya dola milioni 39 kwa msimu, hata mwenyewe awe tajiri kiasi gani. Kufikia 2024/25 kikomo kilikuwa dola milioni 88. Sasa sikiliza ujanja wenyewe, maana ndio ulionifanya nianze kuifuatilia ligi ya mchezo ambao sijawahi kuuona kwa macho. Mshahara kule huhesabiwa kwa siku. Timu inayobana matumizi tangu Oktoba hujikusanyia nafasi kidogo kidogo, na mapema Machi, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, akiba ile ndogo inatosha kumchukua mtu wa mshahara mkubwa, kwa kuwa zimebaki siku chache tu za kumlipa. Tena timu inayomtoa mchezaji inaruhusiwa kubaki ikilipa hadi nusu ya mshahara wake.

Yote mawili tumeyafanya Kizuka, na yamefanya kazi. Winga wetu wa kushoto alikuja nusu ya msimu, kwa hiyo alidai nusu lita. Nusu lita nyingine timu yake ya zamani iliendelea kumpa, kwa sababu walikuwa na mawinga watatu wa kushoto na hawakutaka kuonekana wamemtupa kijana wa watu. Akiba yetu ikapungua hadi lita moja na nusu, nasi tukawa na winga anayekimbia.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii, na hapo nitakaa kidogo. Kupata mtu wa kuingia ni rahisi. Shida ni mtu wa kutoka, na kuhusu hilo mwalimu wetu ni dirisha dogo la usajili la Dar es Salaam la Desemba 2014.

Ligi Kuu ya Tanzania haina ukomo wa mishahara kama wa hoki. Kinachobana kule ni idadi ya wageni. Wakati huo klabu iliruhusiwa wachezaji 5 kutoka nje. Baadaye wakawa 7 msimu wa 2015/16, kisha 10, kisha 12. Kwetu sisi wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika namba hizo zina sura za watu, kwa kuwa mtoto wa Burundi akivuka kwenda Dar anahesabiwa mgeni. Wakati ule alikuwa nafasi moja kati ya tano.

Amissi Tambwe alikuwa mmoja wa hao watano pale Simba. Mwaka 2013 aliiongoza Vital'O ya Bujumbura kutwaa Kombe la Kagame huko Sudan, na Simba wakamchukua. Msimu wake wa kwanza, 2013/14, alifunga mabao 19 akawa mfungaji bora wa ligi. Msimu uliofuata ulianza taratibu. Ilipofika Desemba, Simba walitaka Waganda, akiwemo Dan Sserunkuma aliyekuwa akitisha Kenya na Gor Mahia, na nafasi za wageni zilikuwa zimejaa. Ilibidi mtu atoke. Wakamtoa Tambwe.

Upande wa pili wa mji, Yanga walikuwa na shida ile ile ya nafasi. Wakamtoa Hamis Kiiza, Mganda, wakamweka Tambwe mahali pake. Mwaka 2015 Kiiza naye akavaa jezi ya Simba. Ukitaka kumfundisha kijana wa kamati maana ya nafasi, mchoree hao watu wawili chini kwa kijiti, na mshale wa kila mmoja.

Tambwe alirudi kuwa mfungaji bora msimu wa 2015/16, mabao 21, na Yanga wakawa mabingwa. Msimu huo Yanga waliifunga Simba 2-0 nyumbani na 2-0 ugenini, na katika kila mechi bao moja lilikuwa la Tambwe. Siku hizo hapa kwetu redio zilikaa milangoni. Nilifurahi, sitaficha, lakini pia nilipata hasira ambayo haijaisha: mtu mwenye mabao 19 alipimwa kwa miezi michache ya ukame.

Basi kanuni yetu iko hivi, na nimeiandika kwenye daftari la timu kwa kalamu nyekundu. Kabla hujamtoa mchezaji, jibu maswali mawili mbele ya kamati nzima. Kwanza, je, amechoka au amekosa pasi? Mshambuliaji asiyefunga kwa sababu viungo wamelala si wa kutolewa, waamshe viungo. Pili, kesho atakuwa wapi? Ukimtoa atakwenda kwa jirani, na jirani unacheza naye mara mbili.

Kuna pia somo la umri, ambalo kamati nyingi hulikataa. Saidi Ntibazonkiza alizaliwa Bujumbura, akacheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, akaja Yanga mwaka 2020 wakati wengi walishamwita mzee. Yanga waliachana naye mwaka 2022, akaenda Geita Gold. Dirisha dogo la msimu huo Simba wakamchukua, na msimu wa 2022/23 ulipoisha alikuwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, wakashika pamoja nafasi ya mfungaji bora. Mabao yale aliyafunga akiwa amevaa jezi mbili tofauti, ya Geita na ya Simba. Kila nikimsikia mjumbe wa kamati akisema fulani ana miaka mingi, mimi hutaja jina hilo, kisha tunaendelea na ajenda nyingine.

Majeruhi. Hapa hoki imetuonyesha njia ambayo mimi siifuati. Msimu wa 2020/21 Nikita Kucherov wa Tampa Bay Lightning alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akakosa mechi zote za msimu wa kawaida, na sheria ikairuhusu timu kuvuka kikomo kwa kiasi cha mshahara wake. Mechi za mtoano zilipoanza alikuwa amepona, na katika mtoano kikomo hakikuhesabiwa. Wakachukua kombe wakiwa na kikosi cha dola milioni 18 juu ya kikomo. Kucherov mwenyewe alisherehekea na fulana iliyoandikwa kwamba wamevuka kikomo kwa milioni 18. Ilikuwa halali wakati huo, na mtu wa hesabu ataipenda. Kwetu mchezaji mgonjwa anapewa lita yake kamili, jina lake linabaki kwenye orodha, na akipona anarudi mahali pake. Mguu wa kijana anayepanda michikichi kila alfajiri haufai kufanyiwa hesabu za namna hiyo.

Kuhusu saa ya mwisho, peleka makaratasi mapema. Leicester City walipeleka ya Adrien Silva sekunde 14 baada ya muda, mwisho wa Agosti 2017, na kiungo huyo akakaa bila kucheza hadi Januari 2018. Orodha yetu hupokelewa na mratibu wa mashindano kabla ya adhana ya magharibi, kwa hiyo sisi huipeleka saa kumi, ikiwa na majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa na mtu mmoja wa kuisoma kwa sauti ili tusikie kama kuna jina lililorukwa.

Ila kalenda iliyo kubwa kuliko zote huku ni ya mwezi. Kipa wetu ni mvuvi. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa kuwafuata ndagala, na yeye yuko ziwani hadi alfajiri; mchana wake ni usingizi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi inabaki ufukweni, na sisi tunapata kipa aliyelala vizuri. Kocha asiyejua tarehe za mwezi hawezi kupanga kikosi katika pwani hii. Kwa wiki za giza tuna kipa wa pili, mwanafunzi mrefu mwenye mikono mizuri na woga wa krosi, naye ndiye aliyekula nusu lita nyingine ya akiba.

Na mtu wa kutoka mwambie wewe mwenyewe, nyumbani kwao, kabla orodha haijabandikwa. Usimtume mdogo wake. Msimu uliopita nilikwenda kwa beki wetu wa kati, aliyekuwa nasi kwa miaka minne, jioni, mama yake akiwa anachambua maharage barazani. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kwa jambo la timu, na si zuri." Akamwita kijana, akatuletea viti viwili, akaingia ndani. Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Nilimpa lita yake ya msimu uliobaki, maana tulikuwa tumemwahidi, na nikampeleka mimi mwenyewe kwa kocha wa timu ya kusini mwetu, ambayo haikuwa na beki.

Mwaka huu amewafanya wawe wagumu kufungika. Tunakutana nao Jumapili. Orodha inafungwa Jumamosi, lita moja ya akiba bado ipo chini ya kitanda, na mwezi utakuwa mpevu tangu Alhamisi.