Kutoka Saba Hadi Moja: Jinsi ya Kuisoma Isiolo Ukiwa Wabera

Aliyesoma jiografia ya kidato cha nne katika mfumo wa 8-4-4 atakueleza habari za bonde la Ruhr, Ujerumani: makaa ya mawe yalivyochimbwa, chuma kilivyoyeyushwa, mto Rhine ulivyobeba shehena. Vizuri sana. Sasa mwulize kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, inaishi kwa kutegemea nini, inaamuliwa na nani, na imefikaje hapa ilipo. Ukimya! Ruhr inasomeka kwa sababu kuna watu walioketi wakaiandika. Isiolo nayo inasomeka, na darasa liko hapa Wabera, wadi ya mjini Isiolo, mlango wazi. Haya, tuhesabu kurudi nyuma.

7. Anza na masikio. Simama kwenye duka lolote hapa mjini. Utasikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana, Kisamburu, na Kiswahili cha kuwaunganisha wote. Kila lugha ina njia iliyoijia. Baadhi ya familia za Kisomali ni uzao wa askari waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha wakapewa makao Isiolo. Ukitoka dukani bila salamu mpya hata tatu, rudi. Ulinunua sukari tu.

6. Fuata lami. Mkoloni aliifunga kaskazini kwa vibali, na hata baada ya uhuru lami iliishia Isiolo kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtu wa huku akipanda basi la Nairobi alisema, “Naenda Kenya.” Leo lami inafika Moyale, kilomita kama 500 kutoka hapa. Kenya nayo imeanza kuja kwetu. Karibu, chai iko jikoni.

5. Soma ramani, kisha soma uzio. Mradi wa LAPSSET, wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Lamu Machi 2012, na Isiolo ikapangiwa kuwa njia panda ya barabara, reli na bomba la mafuta, tena na mji wa kitalii juu yake. Bei ya ardhi haikungoja reli. Ugomvi wa mpaka na ndugu zetu wa Meru nao ukapata kuni mpya. Anayetaka kujua mpango unaanza kugusa watu siku gani asiulize treni imefika lini. Aulize nguzo za kwanza za uzio zilichimbiwa lini.

4. Nusa mtungi. Hapa ndipo uchumi wenyewe ulipo, kwa hiyo tusikimbie. Asubuhi maziwa ya ngamia yanaingia mjini kwa bodaboda, kwenye mitungi ya plastiki iliyofukizwa moshi wa kuni ili yasiharibike upesi. Mama anafungua kifuniko, anainama, ananusa. Akikunja uso, mtungi unawekwa kando. Akinyamaza, maziwa yanamiminwa. Kisha safari ya Eastleigh, Nairobi, kwa basi, kilomita karibu 280. Wanawake wa ushirika wa Anolei wameijenga biashara hii, nayo inajibu maswali yote ya Ruhr: malighafi inatoka wapi, inasafirishwaje, nani anaifanyia kazi, soko liko wapi? Ruhr ilikuwa na maabara. Sisi tuna pua ya mama, na pua hiyo haidanganyiki.

3. Kaa na wazee wa dedha. Kabla ya sanduku la kura, Waborana walikuwa na dedha, baraza linaloamua ni malisho gani yaachwe kwa ajili ya kiangazi, na nani anyweshe mifugo wapi. Mgeni akileta mifugo, anaomba kwanza. Ni bunge lisilo na kipaza sauti, na hoja yake ni nyasi.

2. Hesabu watu, halafu hesabu nafasi. Sensa ya 2019 ilipata watu 268,002 katika kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Ni kama watu 11 kwa kila kilomita ya mraba. Waambie hayo wakazi wa Wabera wanaosikia redio ya jirani kupitia ukutani! Tuna wadi 10: mjini watu wamebanana, na kule Cherab unaweza kutembea kutwa. Kura moja, maisha mawili. Na katika hesabu ya kura, wazee wa jamii mbalimbali hukaa chini kugawana viti kabla ya uchaguzi: hakuna jamii inayotosha peke yake.

1. Uliza jina la Wabera limetoka wapi. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Juni 1963, wiki chache baada ya Kenya kupata madaraka ya kujitawala, aliuawa kwa risasi akiwa safarini kikazi pamoja na Chifu Haji Galma Dido, wakati kaskazini ikivutana kuhusu kujiunga na Somalia. Vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga, vikafuata hadi 1967. Siasa, uchumi na jamii ya Isiolo vyote vinapita katika jina hilo: nani ni Mkenya, mali ya nani ilichukuliwa, nani alibaki jirani ya nani.

Nairobi pia kuna barabara ya Wabera, na karibu nayo imesimama maktaba ya McMillan. Natamani siku moja, kwenye rafu za maktaba ile, kitabu cha Isiolo kilichoandikwa na mtoto wa Wabera kikae karibu na cha Ruhr. Ewe mwanafunzi, kalamu unayo. Anza na namba saba, kesho asubuhi, dukani.