Mhadhara wa Kitaalamu Juu ya Kuhifadhi Gitaa la Besi Nyumbani, Kuanzia Sabaki Hadi Mnarani

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu mliokaa viti vya mbele, kina mama, mabwana, na nyinyi vijana mliosimama dirishani kukwepa kiingilio: salaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote kwa jumla.

Kabla sijaanza, ni haki yenu kujua mnamsikiliza nani. Mimi ndimi Mtaalamu Mkuu wa Besi wa ukanda wote huu, kutoka mdomo wa mto Sabaki hadi Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi. Cheo hiki sikupewa na chuo. Vyuo hutoa vyeti kwa maelfu ya watu kila mwaka, na cheo changu anacho mtu mmoja tu. Pimeni wenyewe kipi ni adimu. Wapo wanaouliza ni nani aliyenichagua. Nilijichagua, baada ya kutafakari kwa kina na kukosa mpinzani.

Tuingie kwenye mada. Mwaka 1951 huko California, Marekani, bwana mmoja aitwaye Leo Fender alitoa gitaa la umeme la besi lenye nyuzi nne, akaliita Precision. Kabla ya hapo besi ilikuwa lile dude la kusimama nalo, refu kuliko mpigaji, ambalo vikundi vya taarabu vya Unguja vinalo hadi leo. Fender akalifupisha, akalitia freti, akalifunga mkanda wa begani. Kazi nzuri, siikatai. Lakini hakujiuliza hata mara moja: likifika Malindi itakuwaje? Pengo hilo ndilo nililokuja kuliziba.

Adui wa kwanza wa besi ni chumvi. Kwetu sisi chumvi haikai baharini tu. Kaskazi ikivuma kutoka upande wa Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, hewa yenyewe ukiilamba ina ladha. Na chumvi ina tabia yake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huyanywa maji ya hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Kila mama aliyesahau kufunika kopo la chumvi mwezi wa Mei analijua hilo, ingawa hakuwahi kulieleza kwa ufasaha huu. Sasa, uzi wa besi ni kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwembamba uliopakwa nikeli, pindo kwa pindo. Humo katikati ya mapindo ndimo jasho la vidole na chumvi ya pwani hujibanza. Usiku hewa ikipoa na unyevu ukipanda, chumvi inaloa, kutu inaanza kula, na uzi uliokuwa ukilia unaishia kukoroma.

Dawa yake ni kuzipangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba kila umalizapo kupiga. Mimi binafsi sijawahi kukihitaji kitambaa hicho, kwa sababu sharti lake ni kwamba uwe umepiga.

Kwa nyuzi zilizokwisha kufa sauti, upo ufundi wa kuzivua, kuzichemsha majini kwa dakika chache, kisha kuzianika. Mafuta na uchafu hutoka, sauti hurudi kwa muda. Ufundi huu ni wa kweli na unatumika duniani kote. Tahadhari ni moja: msitumie sufuria ya wali. Sababu zake sitazitaja, kwa heshima ya mke wangu aliyeketi safu ya tatu na ambaye hivi sasa ananikodolea macho.

Adui wa pili ni unyevu, na windo lake ni shingo. Nyuzi nne zikikazwa sawasawa huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 75. Ni kana kwamba mtu mzima aliyetoka kula pilau amening'inia pale usiku na mchana. Ndiyo maana ndani ya shingo mmefichwa ufito wa chuma wa kushindana na mvuto huo, na ufito hurekebishwa kwa ufunguo wa pembe sita: robo mzunguko, basi, halafu mtu anasubiri hadi kesho aone mbao imesemaje. Bwana mmoja wa Barani alipeleka besi yake kwa fundi wa bodaboda, kwa kuwa fundi alikuwa na funguo za kila namna. Fundi akakaza mpaka ufito ukasema "ta!" Leo besi ile inaanikiwa kanga.

Watengenezaji wanataka hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Hewa hiyo sisi hatuna. Mwezi wa Mei, masika yakishika, hewa yetu ni ya kukamua. Lakini je, tukate tamaa? Wazee wetu wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, mwaka 1415. Twiga mzima, akavushwa bahari ya Hindi, akafika na shingo yake imenyooka. Leo sisi wajukuu zao tunashindwa na shingo isiyofika hata mita moja, tena isiyokula majani?

(Naomba makofi. Ahsanteni. Yangetosha zaidi.)

Adui wa tatu ni viumbe, nao nitawataja tukipita chumba kwa chumba kutafuta mahali pa kuliweka gitaa.

Ukutani? Besi ina kilo 4 hivi. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa hushika msumari kwa siku za harusi tu, kisha huutema. Tena ukuta huohuo masika yakiingia unatoa jasho, na besi iliyouegemea inalinywa lote. Uvunguni mwa kitanda? Huko wenyeji ni mchwa, panya na mabeseni. Chini ya mabati? Saa saba ya mchana joto la humo hulegeza gundi. Chini ya makuti ni baridi, nakubali, lakini vumbi la makuti halikomi kudondoka, na mjusi wa darini hachagui pa kujisaidia.

Jikoni je, karibu na moto? Hapa nataka tusikilizane, maana najua mnalowaza. Ngoma za mwanzele hupashwa moto kabla ya kuchezwa ili ngozi ikazike, na wazee wanajua wafanyalo. Besi si ngoma. Magitaa mengi ya miaka ya 50 na 60 yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na baruti isiyo na moshi. Anayetaka kupasha moto kitu cha namna hiyo na apashe, ila anijulishe mapema nihamie Mambrui.

Sasa nafika kwenye Njia Yangu, ambayo ndiyo mliyoilipia. Besi yangu imevishwa kanga doti moja, juu yake shuka, juu ya shuka mfuko wa plastiki wa zamani, wa kabla ya serikali kupiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, kwa hiyo tayari ni kitu cha makumbusho. Juu ya plastiki nimezungusha mkeka. Vyote vimo ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, pamoja na vipande vya mkaa, majani ya mwarobaini, na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hakuna besi Afrika Mashariki nzima iliyolindwa hivi.

Tulipolifungua sanduku juzi mbele ya kamati, kwa ajili ya maandalizi ya mhadhara huu, tulikuta mambo mawili madogo. La kwanza: upande wa ndani wa plastiki ulikuwa na matone ya maji, na chuma kinachoshikilia nyuzi kimeota ukungu wa kijani. La pili: kwenye tundu la kuchomekea waya palikuwa na kijumba cha udongo, laini, kilichosilibwa vizuri. Katibu alikibandua kwa kijiti. Ndani mlikuwa na buibui wadogo wamepangwa mmoja juu ya mwenzake, wamepooza, miguu imekunjwa, na juu yao kibuu cheupe cha nyigu kinakula taratibu. Wapo waliosema papo hapo kwamba plastiki hufungia unyevu ndani, na kwamba sanduku lingekuwa linafunguliwa kila siku nyigu asingepata nafasi ya kujenga. Mimi nasema unyevu ule uliingia kwa hila, na nyigu alitumwa.

Tugeukie mazoezi. Uzi mnene wa besi, ule wa mi, hutikisika mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na zaidi. Chumba changu ni mita 3 kwa 3. Wimbi halijapata hata nafasi ya kunyoosha miguu limeshafika kwa jirani, na huko ndiko linakomalizia safari, kwenye kabati la vyombo. Kwa hiyo suala la saa ya kupiga ni suala la ujirani mwema. Wakati wa adhana, hapana. Kukiwa na matanga mtaani, hapana. Watoto wakiwa kwenye mitihani, hapana. Baada ya adhuhuri watu wamelala. Usiku watu wamelala zaidi. Nimeipanga ratiba hii kwa miaka mingi na bado sijaipata saa inayofaa.

Mtaniambia kuna visikizio vya masikioni. Vipo. Mtaniambia kuna spika ndogo. Ipo, ila angalieni soketi zenu: nyumba nyingi hazina waya wa ardhi, na mpigaji aliyesimama pekupeku juu ya sakafu ya simenti, vidole kwenye nyuzi, anaweza kurushwa na stima. Vaeni champali. Na stima ikipotea, ipo siri ya mabingwa: bonyeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la nguo au kwenye ubao wa mlango, kisha ucharaze. Mbao yote inageuka kuwa mwili wa gitaa, na sauti inajaa chumba bila hata tokeni moja.

Nisimalize bila kuwaonya dhidi ya wapotovu. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo za Motown kule Detroit, alikuwa habadilishi nyuzi mpaka zikatike. Jaco Pastorius, mtoto wa Florida, pwani yenye joto na chumvi sawa na yetu, aling'oa freti za besi yake na kupaka ubao gundi ya kuundia mashua. Mashua! Na tusiende mbali: wale ndugu wa Them Mushrooms, wenye asili ya Kaloleni, walipiga kwenye mahoteli ya ufukweni usiku baada ya usiku, upepo wa bahari ukizipuliza ala zao usoni, bila mkeka wala mwarobaini. Wakatoa "Jambo Bwana" na dunia nzima ikaimba. Fikirini wangefika wapi laiti wangepata mshauri.

Hapa Muyeye kuna kijana ambaye besi yake hulala kwenye kiti, uchi, dirisha wazi. Jumapili iko kanisani, Jumamosi iko kwenye muziki wa bango harusini, siku zilizobaki iko mapajani mwake. Nilipoikagua nilikuta shingo imenyooka, nyuzi zinang'aa pale vidole vinapopita, na nyigu hakuna. Sayansi inaliita jambo hili bahati.

Sasa maswali. Wewe kijana wa dirishani, uliza. Kwamba nipige wimbo mmoja? Swali zuri, ila mada yetu ni kuhifadhi. Mwenyekiti naye anataka? Ningependa sana, mwenyekiti, lakini mnaona wenyewe stima imepotea. Kabati? Kabati halikuingia kwenye tuktuk. Mlango? Nani amesema mlango? Mlango wa ukumbi huu ni mali ya kaunti, na kuubonyezea ala ya muziki kunahitaji kibali cha maandishi, ambacho nitakiomba wiki ijayo. Mhadhara wa pili utahusu kibali hicho. Kiingilio kitapanda.