Kupiga Deki na Kutengeneza Deki: Mwongozo kwa Fundi Asiyejua Anakoingia

Ndugu yangu unayetaka kuacha vitanda na makabati uhamie kwenye sakafu za mbao za hoteli za ufukweni, anza na lugha. Kule ile sakafu ya nje wanaiita deki. Sisi wengine deki tumeijua tangu utotoni kuwa ni ndoo, tambara na maji ya sabuni, na ile ya chombo cha baharini ina jina lake la heshima, sitaha. Basi siku ya kwanza nilipopigiwa simu kutoka hoteli moja ya Unguja nikaulizwa, "Fundi, deki unafanya?" nilijibu ndiyo, huku najiuliza kwa nini wanamtafuta seremala kwa kazi hiyo. Nilifika na kijana mmoja, ndoo mbili na brashi ya mpini mrefu. Meneja akatushusha ngazi hadi kwenye mbao za mita za mraba 180, zimegeuka kijivu kama shingo ya kunguru. Nikamuuliza zinatakiwa kuwa tayari lini. Akasema wageni wanaingia Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Yote ninayokuusia hapa niliyasomea katika siku hizo mbili, na ada nililipa mwenyewe.

Ile rangi ya kijivu isikutishe wala isikudanganye. Jua lina miale inayovunja ligini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Mvua inakuja kuisuuza, zinabaki nyuzi tupu, na ukungu unapata makazi. Tabaka hilo ni jembamba kuliko ukucha, chini yake mbao inaweza kuwa nzima kabisa. Mteja hayajui hayo. Mmoja atakuambia, "Imeoza hii, ng'oa yote," mwingine atasema, "Uchafu tu huo, osha." Wa kwanza anakupa kazi usiyostahili kuichukua, wa pili anakupa bei usiyostahili kuikubali. Wewe toa bisibisi. Choma kwenye ncha za mbao, kandokando ya skrubu, na pale mbao inapokalia boriti, kwa sababu huko ndiko maji hulala. Ikizama kama kwenye papai, hiyo haihitaji mafuta, inahitaji mazishi. Kila unachokiona kiandike na ukipige picha kabla hujamwaga hata kikombe cha maji. Ukishaosha, kila shimo la miaka kumi litakuwa umelichimba wewe.

Kisha uliza ni mbao gani, japo jibu unalo tayari. Utaambiwa mninga. Kila mbao ya mtu mwenye pesa ni mninga. Ukiinama na kukwangua kidogo utakuta mkongo, ambao watu wa pwani wanauita mbambakofi, au mtiki wa mashamba kama Longuza kule Muheza, au paini ya kutoka Sao Hill iliyotiwa dawa, ina ukijanikijani. Usimkosoe mwenye hoteli mbele ya watu. Andika "mbao" kwenye karatasi ya bei, halafu uitendee paini kama paini, kwa sababu paini ni laini, na kinachofuata ni mashine ya presha.

Mashine ya presha ina utamu wake. Unabonyeza, kijivu kinakimbia, rangi ya asali inachomoza, wapishi wanatoka jikoni kutazama, na meneja aliyekuwa amenuna anaomba ashike kidogo. Hapo ndipo mbao nyingi zimekufa. Kwa mbao laini, nguvu ya paundi 500 hadi 600 kwa inchi ya mraba inatosha, mdomo wa kutawanya maji kwa upana, umbali wa kama sentimita 30, na unafuata uelekeo wa nyuzi. Ile mashine uliyoazima kwa jamaa wa kuosha magari imezidi hapo mara tatu au zaidi, na mdomo wake ni mwembamba kama sindano. Kijana wangu alitaka kuijaribu, akaandika jina lake. Likatoka vizuri sana. Mpaka leo lipo pale karibu na meza ya vinywaji, na wageni wanadhani ndilo jina la baa.

Atatokea mtu wa kukushauri umwage jiki. Ni kweli, ukungu utakufa na mbao itakuwa nyeupe, lakini nyeupe ya mgonjwa, kwa kuwa klorini inakula na nyuzi zenyewe. Tafuta unga wa sodiamu pakaboneti. Ukiingia kwenye maji unaachana kuwa magadi na kitu kinachotoa oksijeni, na hiyo oksijeni ndiyo inayofanya kazi wakati wewe unasimama na brashi. Uache kama robo saa, usikubali ukauke, sugua, suuza. Mbao itageuka nyeusinyeusi na mteja atapiga kelele. Tulia, ni ule ugadi. Unafuata na asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa, rangi inafunguka, na yale madoa meusi yanayozunguka misumari yanafifia. Ni sumu, vaa glavu na miwani ya kazi. Tena usiiweke kwenye chombo cha jikoni. Chembe zake zinafanana na sukari, na sisi mafundi tunajijua tulivyo na chai.

Misumari yenyewe ni kisa. Chuma, maji na tanini ya mti vikikutana vinatoa weusi usiotoka kwa sabuni. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa mapatano hayohayo. Maana yake ukisugua sakafu kwa stilwaya ya sufuria, unapanda mbegu za wino: vipande vidogo vinabaki kwenye vinyweleo vya mbao, baada ya mvua moja sakafu ina chunjua. Skrubu nunua za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Za 304 zinafaa Dodoma. Karibu na bahari zinaanza kutoa machozi ya kahawia mapema, na muuzaji atakuapia kuwa zote ni sawa.

Sasa kausha.

Ningeweza kuishia hapo, maana kazi yote ni hiyo. Mafuta hayaingii mahali palipokwisha kaliwa na maji. Kuna kipimo cha sindano mbili, unachomeka kwenye mbao kinakusomea unyevu, na hupaki kitu mpaka kisome 15 au chini yake kwa mia. Huna kipimo, dondosha maji: yakinywewa upesi mbao ina kiu, yakikaa juu yanakutazama, rudi ukakae. Pwani, hewa yenyewe ni mbichi, kukauka kunaweza kuchukua siku mbili za jua zuri, na siku nne si ajabu. Na hapa ndipo biashara hii inapomcheka mgeni. Wakati wa jua, kaskazi imetulia na anga safi, hoteli zimejaa watu na hakuna atakayekuruhusu kugusa deki. Wageni wakipungua, Aprili na Mei, simu yako inaanza kuita. Aprili na Mei ni masika. Unaitwa kukausha mbao kwa sababu mvua inanyesha.

Meneja wangu wa Ijumaa alishuka Alhamisi saa nne akatukuta tumekaa juu ya ndoo tulizozipindua.

"Fundi, mbona mmekaa?"

"Tunafanya kazi, bosi."

"Kazi gani?"

"Tunakausha."

"Linalokausha ni jua. Jua nalo nimelilipa mimi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo. Kwenye bei yangu ya kwanza niliandika "siku tatu za kukauka," naye akaufuta mstari kwa kalamu nyekundu. Siku hizi naandika "matibabu ya awali, awamu ya pili," na tangu hapo hakuna aliyeufuta. Hesabu pia reli za pembeni na vile vijiti vyake, kimoja kimoja. Mgeni hupima sakafu tu, akaja kugundua kwamba vijiti vya mita kumi vimemla muda kuliko sakafu ya chumba kizima.

Tulipokuwa tunangoja, alipita mzee mmoja, fundi wa majahazi kutoka Nungwi. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka sakafu mikono nyuma kama anayekagua maiti.

"Mwanangu, mbao ya pwani haitaki makopo yenu. Ipake sifa."

Mzee hakukosea. Chombo hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na chini kunakokaa majini hupigwa deheni. Vyombo vimevuka bahari hii kwa dawa hizo. Alilosahau kuniambia ni kwamba jahazi liko kwenye upepo na hakuna anayekula kifungua kinywa juu yake akiwa ameagiza maembe. Nilijaribu pembeni, mita nne tu za mraba. Jioni paka wa kijiji kizima walikuwa wamehudhuria. Kiswahili kina sifa za aina mbili na mimi nilizipata zote kwa mpigo, kwa maana hoteli ya jirani walinijua kabla sijafika kwao.

Itakapofika kupaka, mteja atataka sakafu ing'ae. Atasema vanishi. Kataa, hata kama ameshainunua. Vanishi inakaa juu kama ngozi, jua linaipasua, maji yanapenya chini yake, na inaanza kubanduka kama mgongo wa mgeni wa siku ya tatu. Ikifika hapo huwezi kuongezea koti, unaanza kwa kuikwangua yote. Mafuta yanaingia ndani, yakichoka yanafifia kimyakimya, na mwakani unaosha na kupaka tena bila kilio. Chagua yenye dawa ya ukungu, kwani mafuta ya kitani matupu ni chakula cha ukungu, na yenye rangi kidogo, kwani rangi ndiyo inayozuia jua. Yale ya uwazi kabisa yanapendeza siku ya kukabidhi, na kijivu kinarudi kabla hujamaliza kudai salio. Msasa usizidi namba 80. Mteja atapapasa aseme anataka laini kama meza ya chakula, lakini mbao iliyolainishwa hivyo imefunga midomo, hainywi. Na kulainisha atakuja kulainisha mwenyewe: kila mgeni anayetoka baharini analeta msasa wa bure chini ya nyayo.

Paka kidogo, subiri kama dakika ishirini, futa yote yaliyobaki juu. Yote. Mimi Ijumaa ile sikufuta, nilikuwa na haraka, na mbao ilikuwa na maji bado. Sakafu ikabaki na ulimbo. Wageni wa kwanza walishuka na ndala, wakafika katikati ya deki, na ndala zikabaki pale zikiwa zimepangika vizuri, wenyewe wakaendelea peku hadi ufukweni. Salio langu nalo lilibaki palepale na zile ndala.

Limebaki jambo la matambara, na hili silitanii. Matambara yenye mafuta ya kitani, ukiyafinyanga ukayatupa kwenye kona au mfuko wa taka, yanapata joto yenyewe kadiri mafuta yanavyokauka, na yanaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Chini ya paa la makuti usingoje kuona. Yazamishe kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko, au yatandaze kwenye kamba nje, moja moja, yasigusane. Mimi hutandaza. Safari moja yalikuwa yananing'inia kati ya minazi miwili, ya kahawia, ya dhahabu, mengine na michirizi ya mninga wa kwenye makopo, akaja mama mmoja mgeni na kamera. Akayazunguka, akayapiga picha, akauliza kama ni batiki ya hapa na matatu ni bei gani. Nikamwambia asubiri zikauke kwanza. Akavuta kiti, akakaa. Ndiye mteja wangu wa kwanza kukubali.