Muulize Babu Kamongo: Bahari Sebuleni Bariadi

Safu hii imezoea shida za kawaida za Simiyu: ng'ombe wa mahari walioahidiwa wakaonekana nusu, deni la mbegu za pamba, shemeji aliyekuja kusalimia mwaka juzi na bado anasalimia. Mwezi huu bahasha zote nne zinazungumzia bahari. Mkoa huu ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, na maji makubwa tuliyogawiwa ni ya Ziwa Viktoria upande wa Busega, ambayo hayana chumvi hata ya kuungia mlenda. Kutoka hapa hadi pwani ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Ila mmebahatisha: nimefuga tangi la maji chumvi miaka sita, na nimeua viumbe vya kutosha kupata haki ya kushauri.

*Babu, shikamoo. Nina nyumba ya wageni hapa Bariadi mjini. Pamba imelipa, nikanunua tangi la lita 200 nikaliweka mapokezi. Nimetia maji ya bomba, paketi 14 za chumvi za nusu kilo, mawe mazuri ya Mto Simiyu na samaki wawili wa mistari kutoka Dar. Leo ni siku ya tano. Samaki wote wamekufa usiku mmoja, na jirani anasema hii ni Gamboshi. Nataka nitie matumbawe upesi kabla ya wageni wa Nane Nane, maana tangi tupu linanitia aibu. Nianze na yapi?*
*Mwenye Nyumba ya Wageni*

Marahaba. Tuanze na Gamboshi ili tuimalize. Kijiji kile kimesingiziwa uchawi wa kila aina tangu mimi sijaota ndevu, sasa kisingiziwe na samaki wa Dar? Mchawi wako anaitwa amonia. Samaki huitoa kupitia mashavu kila anapopumua, na chakula anachokiacha kikioza kinaiongeza. Tangi la siku tano halina wa kuila. Baharini na katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Hawa huja wenyewe, hujishikiza kwenye mawe na mchanga, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka hadi kutosha. Wewe umewapa siku tano na mawe ya mto, ambayo ni magumu na laini juu kama kipara changu. Bakteria wanataka jiwe lenye vitundu vingi.

Wala sielewi inakuwaje Msukuma afundishwe jambo hili. Babu yako alikuwa na ngitili. Masika alilifunga eneo la malisho, nyasi zikapanda hadi kifuani, na hakuna ng'ombe aliyekanyaga humo mpaka kiangazi kikolee. Mtoto aliyeingiza ndama mapema alikula fimbo. Mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi ulipoanza mwaka 1986, tukiwa bado Shinyanga, kazi yake kubwa ikawa kurudisha ngitili hizohizo tulizokuwa tumeziacha. Tangi jipya ni ngitili. Lifunge. Hakuna ng'ombe.

Kulifunga si kulizima. Pampu izunguke usiku na mchana, kisha utupie dagaa wakavu wawili wa Lamadi, nao waachwe waoze. Ndiyo, dagaa wa mboga. Ukiona utando mweupe unawazunguka na maji yananukia kidogo, usiwatoe. Hapo ndipo amonia inapozaliwa na bakteria wanapopata cha kula. Agiza vipimo vya matone. Utaona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti nayo hivyohivyo, mwishowe inabaki nitrati. Siku amonia na nitriti vitakaposoma sifuri kwa wiki nzima, nunua konokono watatu, si tumbawe. Kioo kitapata vumbi la kahawia, litakalofuatiwa na nywele za kijani, na utatamani kulia. Waachie konokono kazi yao.

Chumvi yako. Kilo 7 kwa lita 200 ni gramu 35 kwa lita, na hesabu hiyo ni sahihi kabisa, nakupongeza. Chumvi yenyewe ndiyo siyo. Hiyo ya paketi imetengenezwa kwa ajili ya mboga: ni chumvi tupu na madini joto. Tumbawe linajenga mifupa, kwa hiyo linahitaji kalsiamu, magnesiamu na alkali ya kutosha, na hivyo vipo katika chumvi maalumu ya tangi la bahari. Maji ya bomba nayo yana klorini. Nenda kwa wanaojaza maji ya kunywa kwenye madumu kwa mtambo wa kuchuja, ila uwaulize kwanza kama hawarudishii madini mwishoni.

Sasa swali lenyewe. Tumbawe si ua wala jiwe, ingawa watu wa pwani wamejenga nyumba na misikiti kwa mawe yake tangu enzi za Kilwa. Ni mnyama, na ni mfugaji kuliko sisi. Ndani ya nyama yake anafuga mwani wadogo mno, maelfu kwa maelfu. Mwani wanapata mwanga, wanatengeneza sukari, na tumbawe linaishi kwa sukari hiyo kama sisi tunavyoishi kwa maziwa. Ukiliweka gizani umelinyima malisho. Ukiliunguza kwa taa kali siku ya kwanza, au maji yakapata joto, linafukuza mifugo yake yote na kubaki jeupe. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalifanya hivyo, na 2016 hali hiyo ikajirudia. Mfugaji aliyefukuza ng'ombe wote anaweza kuishi siku kadhaa kwa akiba. Wasiporudi, ndiyo basi.

Kwa hiyo joto lako ni nyuzi 24 hadi 27. Kama mapokezi yako yana bati bila dari, weka feni ipulize juu ya maji. Maji yanapokuwa mvuke yanaondoka na joto.

Tangi likifika mwezi wake wa tatu, anza na tumbawe moja. Si matano. Chukua lile linaloitwa uyoga: bapa, laini kama sikio la mtoto, halina mifupa, halitaki taa kali, na likikosewa kidogo linanuna siku mbili kisha linasamehe. Libandike chini mchangani, ulipandishe taratibu baada ya wiki kadhaa kama litaonekana kutaka mwanga. Baada yake, tumbawe ngozi. Yale ya matawi membamba kama pembe za swala, ambayo bila shaka ndiyo uliyoyaona kwenye picha, yaache mpaka tangi litimize mwaka na wewe uwe umeacha kukisingizia kijiji kile kila kitu kinapokufa.

Jambo moja silitanii. Utauziwa vijitumbawe vya rangirangi vilivyosongamana kama vifungo, wafugaji huviita zoa. Ni vizuri na ni vigumu kufa, lakini baadhi vina sumu ya hatari mno iitwayo palitoksini. Vishike ukiwa na glavu na miwani, usiviguse ukiwa na kidonda, na kamwe usichemshe jiwe lililovibeba wala kulisugua kwa maji ya moto. Mvuke wake umewapeleka watu hospitalini.

Wageni wa Nane Nane waonyeshe mawe. Waambie ni ngitili.

*Babu, mimi uyoga ninao, miezi miwili sasa, na ulikuwa umefunguka vizuri kama sahani. Wiki hizi umejikunja kama mtu aliyekunywa shubiri. Tangi langu ni lita 200. Maji yanapungua kama lita tano kwa wiki, na mimi sina uzembe: kwa wiki sita sasa, kila Jumapili najazia maji ya chumvi niliyoyachanganya kwa vipimo vilevile vya mwanzo. Nimenunua hadi taa mpya Mwanza, naifuata wiki ijayo. Kosa liko wapi?*
*Mzee wa Tangi, Lamadi*

Kosa liko Jumapili. Mzee mwenzangu, maji yanayopaa hayaondoki na chumvi. Chumvi inabaki tangini inakusubiri, na wewe unaiongezea wenzake. Lita tano ni gramu 175 za chumvi. Wiki sita ni zaidi ya kilo moja juu ya kilo 7 za mwanzo, yaani umetoka gramu 35 kwa lita ukafika 40. Uyoga wako hauumwi, unakaushwa kama michembe.

Nenda kituo cha kukusanyia maziwa, uazime laktomita, ile wanayoitumbukiza kumkamata anayeongeza maji. Maziwa mazuri ya ng'ombe husoma kama 28 hadi 32. Maji ya bahari yanasoma kama 25 au 26, kwa hiyo bahari nzima ya Hindi ingekataliwa pale kituoni. Yako leo yatasoma 30. Yangepokelewa na kulipwa.

Toa lita tano za tangi kila siku, urudishie lita tano za maji baridi yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Fanya hivyo siku tano. Usimwage ndoo nzima kwa mkupuo, tumbawe halipendi kuhamishwa bahari asubuhi moja. Ukimaliza, chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kioo, na kila maji yakishuka chini yake jazia maji baridi tu. Taa iache dukani.

*Babu, mimi ni mwanafunzi hapa Mwanhuzi. Mjomba yuko Mafia, anaweza kunivunjia tumbawe akaliweka kwenye ndoo ya basi. Na kwa kuwa Ziwa Eyasi liko mpakani kwetu Meatu na lina chumvi, naweza kuchota maji huko nikaokoa pesa?*

Hapana, na hapana.

Mjomba asivunje kitu. Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, na hata nje ya hifadhi Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake hazimwachii mtu abomoe matumbawe apendavyo. Tafuta mfugaji mwenye karatasi zake, anayekata vipande kutoka matumbawe aliyoyalea mwenyewe. Kipande cha ukubwa wa kucha kinatosha. Ukiagiza nje ya nchi, matumbawe magumu yanahitaji vibali vya mkataba wa CITES. Eyasi nalo ni ziwa la magadi. Chumvi si moja, mjukuu wangu. Hiyo itamfaa ng'ombe kulamba, si tumbawe kuogelea. Wakati unakusanya pesa, omba wavuvi wa Busega wakupe furu wadogo, uwafuge kwenye maji ya kawaida. Aina zao nyingi ziliisha baada ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950, na waliobaki ni wazuri kuliko watu wanavyodhani, hasa dume anapojipaka rangi za uchumba.

*Babu shikamoo. Mume wangu ana tangi la tumbawe. Usiku anawasha tochi ananiamsha, "Mama, njoo uone limefunguka," na likijikunja halili chakula cha jioni, naye hali. Wiki iliyopita alisafiri Mwanza siku tatu kufuata taa. Nikaona maji yamepungua, nikajazia. Yakafurika hadi kwenye zulia, nikapaniki, nikachota ndoo nzima ya lita 20 nikaimwaga nje, kisha nikarudishia maji ya dumu ya kunywa. Asubuhi yake lile linyoga likafunguka kama chapati. Amerudi, amefunga taa yake ya laki na nusu, na anawaambia majirani wote kwamba ni taa. Nimwambie ukweli, au niache?*
*Mama, Lamadi*

Marahaba, mayu. Umefanya kwa ndoo moja kile nilichompangia mzee mmoja siku tano, na wala sikupendi kwa hilo, maana haikupaswa kufanikiwa. Hapo nje ulipomwaga, angalia majani. Yakikauka, ni wewe.

Usimwambie. Gazeti hili mumeo hulisoma kuanzia juu, na barua yake ni ya pili. Akifika hapa, utasikia kikombe kinawekwa mezani.