Asali ya Nan

Mama mdogo hununua asali kwa warina asali wanaotoka kwenye mapori ya miombo na ndoo za lita 20. Ndoo iliyojaa ina kilo 28 hivi, haipishani sana na frasila mbili alizojitwisha mpagazi wa Kinyamwezi zama za misafara, ila siku hizi mzigo unakuja kwa bodaboda. Hesabu zake zote zilikuwa kwenye kaunta buku lililonata kurasa, hadi mimi nilipojitia kimbelembele.

"Mama, acha nikuandikie programu."

"Itajua kukopesha?"

Niliiandika kwa Python. Lugha kama C ni mnyapara anayekagua mizigo yote kabla msafara haujang'oa nanga. Kasoro nyingi utaambiwa mlangoni. Python ni kirangozi mchangamfu: anapiga ngoma, anaondoka, na kamba iliyooza anaijua ikimkatikia katikati ya pori. Mahali fulani niliandika "ndo" badala ya "ndoo", kwenye mstari unaohusu mzigo unaozidi ndoo kumi. Wiki tatu hakuna aliyezidisha kumi. Wiki ya nne akaja mmoja na kumi na moja, programu ikazimika mbele ya watu.

Dawa ya maradhi haya ililetwa na mvua. Mwaka 1988 Profesa Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alikuwa nyumbani, kaunganisha kompyuta yake na ya chuo kwa waya wa simu. Radi zikachezea waya, herufi za ovyo zikajipenyeza kwenye alichokuwa akiandika, na programu alizoziamini zikaanza kuanguka. Badala ya kulaani mvua, akawapa wanafunzi kazi ya kutengeneza uchafu huo kwa makusudi. Wakazilisha programu za Unix takataka, na kati ya robo na theluthi ya walizojaribu zikaanguka au kuganda. Mtindo huo ndio unaoitwa fazi.

Nami nikaandika fazi yangu, mistari kumi na miwili: okota herufi na tarakimu bila mpango, bandika penye jina, bandika penye uzito, rudia mara 500,000. Nikaiwasha usiku, nikalala fofofo.

Asubuhi simu ikaita.

"Mwanangu, hii asali ni ya nan?"

Nikadhani mtandao umekula herufi. "Ya nani, Mama?"

"Siyo nani. Nan. Imeandika hapa: jumla ya kilo, nan. Na mwenye haki ya kuuliza ni mimi, siyo yenyewe."

Nilikuwa nimeilisha takataka hifadhidata yake halisi. Usiku mmoja tulipata warina zaidi ya 40,000, msafara ambao hata Tippu Tip asingeweza kuulisha, wote wenye majina kama q7x. Na mmoja wao, penye uzito, alikuwa ameleta "nan". Ukiiambia Python igeuze neno liwe namba, itakataa "asali", itakataa "ndoo", lakini "nan" itaipokea kwa mikono miwili: kwake hiyo ni namba halali yenye maana ya "si namba". Ijumlishe na kilo zozote duniani, jibu ni nan.

Kaunta buku, ambalo Mama mdogo hakuwahi kuliacha, ndilo lililoniokoa. Nikanakili upya, nikaipiga nan marufuku, nikarudia fazi, safari hii kwenye nakala. Laki tano, hakuna kilichoanguka. Nikatembea kifua mbele.

Kesho yake saa tatu akaingia mzee mmoja na ndoo tatu.

"Shikamoo, mzee. Jina?"

Jina lake linaanza na Ng'w, kama majina mengi ya huku. Nikabonyeza. Kioo kikawa chekundu: KOSA, kisha ikafuata nusu ya jina lake, kuanzia baada ya ile koma ya juu ambayo walimu wa Kiswahili huiita ritifaa. Kwa hifadhidata, ritifaa ni alama ya kufunga neno. Iliona Ng, ikafunga mlango, halafu ikashangaa hawa waliobaki nje ni akina nani.

Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Hili ni jina la babu yangu. Kosa lake nini?"

Fazi yangu ilikuwa na herufi zote na tarakimu zote, lakini ritifaa hata moja haikuwamo. Na mimi nakaa kata ya Ng'ambo.

Marekebisho ni dakika tano: mahali pa jina unaacha alama ya kuuliza, jina lenyewe unaikabidhi hifadhidata pembeni, lisichanganyike na amri. Yamo kwenye vitabu vya wanaoanza. Dakika hizo mzee alikalia ndoo yake, Mama mdogo akimwandika kwenye kaunta buku, ritifaa na yote.

"Sasa inalijua?"

"Inalijua, mzee."

"Haya. Keshokutwa naja na ndugu zangu wanne. Kuna mmoja jina lake lina mbili."