Heri Viza Kuliko Mkutano

Watu hurudi kutoka mikutano ya nje na begi la kitambaa lenye nembo, kalamu za bure na picha waliyopiga mbele ya bango, kisha wiki nzima wanausifu ukumbi, chai na wazungumzaji. Sijamsikia hata mmoja akiisifu viza. Huo ni utovu wa shukrani, na acha niwalipie deni wote waliowahi kupanga foleni alfajiri Dar es Salaam, bahasha ya kaki kwapani.

Nianze na sifa ambayo msomi yeyote ataikubali: hakuna anayekusoma kwa makini kama ofisa wa viza. Mada uliyoihangaikia mwaka mzima itapewa dakika 15 baada ya chakula cha mchana, mbele ya watu wachache, baadhi yao wamekosea chumba. Ofisa wa viza hasinzii. Anapitia taarifa yako ya benki mstari kwa mstari. Anajua ulimtumia mama shilingi ngapi mwezi wa Ramadhani, anajua siku uliyotoa elfu kumikumi mara nne, na akikuta milioni tano zimeingia juzi kwa mkupuo, anataka kujua zimetoka kwa nani na zitarudi kwake lini. Mwenzi wako wa ndoa hajawahi kukuchunguza hivyo. Na kwa usomaji wote huo, viza ya Schengen inakugharimu euro 90 tu tangu Juni 2024. Ukinyimwa hazirudi, lakini msomaji hodari halipwi kwa matokeo.

Halafu kuna ukarimu wa viza wa kuona mbali. Hiyo ya Schengen inadai bima ya angalau euro 30,000, itakayolipia matibabu ya dharura na, likitokea la kutokea, kusafirisha maiti. Mwenyeji wa mkutano amekuandikia barua tamu ya mwaliko, amekutajia mgahawa mzuri wa samaki, lakini hakuwaza hata kidogo kuhusu maziko yako. Viza imewaza. Kwetu nani hukualika harusini akakuuliza kwanza jeneza lako litarudishwa na nani?

Ukitaka kuona jinsi inavyomnyoosha mtu, nenda studio ya picha. Viza inataka milimita 35 kwa 45, mandhari nyeupe, uso usio na habari yoyote. Mpiga picha amebandika shuka ukutani kwa misumari miwili, anasogeza taa, anarudi nyuma ya kamera.

“Dada, usicheke.”

“Sicheki, kaka yangu. Ndivyo nilivyo.”

“Basi usiwe hivyo, sekunde mbili tu.”

Dada anaacha kuwa hivyo. Picha inatoka ya mtu asiyewahi kupewa habari njema, yaani msafiri anayefaa. Mume wake akiiona anauliza kama kuna msiba.

Lakini mahali viza inapong’ara kuliko kote ni kwenye uzalendo. Shule zetu zimeimbisha watoto miaka na miaka, na bado mtu mzima hajui kwa nini anaipenda nchi yake. Viza inamkalisha chini authibitishe uzalendo wake kwa nyaraka: hati ya kiwanja cha Goba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya mwajiri inayoapa kwamba likizo ina mwisho. Ghafla unagundua una mambo mengi ya kurudia nyumbani. Hata kile kiwanja ambacho mpaka wake unagombaniwa na jirani kinakuwa sababu ya kuishi. Mzungu anayetua uwanja wa Julius Nyerere hapati bahati hiyo. Anatoa dola 50 (Mmarekani 100), anagongewa mhuri, anaambiwa karibu. Hakuna aliyemuuliza kama anakupenda kwao. Huenda akarudi Ulaya bila kuwahi kulifikiria jambo hilo, na mimi nasema tunamdhulumu.

Ukoo wa viza nao si wa kubeza. Pasipoti ya kijitabu tunayoijua ilipangwa Paris, Oktoba 1920, kwenye mkutano. Ndiyo, mkutano! Wajumbe wa Shirikisho la Mataifa walikubaliana umbo moja la kurasa 32, wengi wao wakitumaini kwamba ni mambo ya muda, vurugu za vita zikipoa yataachwa. Schengen yenyewe ni kijiji cha wakulima wa zabibu huko Luxembourg. Tarehe 14 Juni 1985 wawakilishi wa nchi tano walipanda meli katika mto Moselle, pale Luxembourg inapopakana na Ufaransa na Ujerumani, wakasaini makubaliano ya kuondoa ukaguzi mipakani. Kuondoa, msomaji wangu. Ukaguzi ule uliokosa kazi kwao usingeweza kukaa bure, ukatafutiwa ajira kwetu.

Tena viza inajua kuliboresha jambo kuliko waandaaji wenyewe. Machi 2017 Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, kilikuwa mwenyeji wa kongamano la uchumi na maendeleo ya Afrika, na waalikwa wote kutoka Afrika walinyimwa viza. Wote. Hebu fikiria utulivu wa kikao hicho: Afrika inajadiliwa asubuhi hadi jioni bila Mwafrika wa kunyoosha mkono na kusema, “Samahani, kwetu haiko hivyo.” Montreal nayo ilifanikiwa kiasi. Wajumbe wengi wa Afrika walikosa viza za mkutano wa UKIMWI wa 2022, na Winnie Byanyima, Mganda anayeongoza shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, alisema nusura azuiwe kupanda ndege huko Geneva.

Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Viza ni sahihi zaidi: inaandika siku utakazokaa kwa tarakimu, na jembe haitaki hata kuliona. Wakati mwingine hutoka Jumatatu kwa mkutano ulioisha Ijumaa. Hapo umepata vyote viwili, heshima ya kukubaliwa na usingizi wa kitandani kwako.

Ndiyo maana Kigali inanitia wasiwasi. Mei 2023 mkutano wa ICLR, wa watafiti wa akili mnemba, ulifanyika huko, mara yake ya kwanza kukutanisha watu Afrika ana kwa ana. Addis Ababa ilikuwa ipewe heshima hiyo 2020, korona ikaupeleka mkutano mtandaoni, na azma hiyo ilitokana na kelele za watafiti waliokuwa wakinyimwa viza za Kanada. Mtanzania alikwenda Kigali na pasipoti yake, akagongewa mhuri, akaingia. Hakuulizwa kiwanja. Hakuna aliyejali maiti yake ingerudije. Sasa mtu wa namna hiyo, akishindwa kufika, au akafika na slaidi nusu, atamsingizia nani?