Blanketi la Mbeya katika Joto la Kyela

Zawadi ya mtoto mchanga, kwa maana itakayotumika katika insha hii, ni kitu chochote anachopelekewa mtu asiyeweza kukiomba, kukikataa wala kukirudisha dukani, na kinachopokelewa kwa niaba yake na mama ambaye hajapata usingizi wa kutosha tangu ajifungue. Kwa sababu hiyo mtoaji wake ni vigumu mno kusahihishwa. Katika wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mama huyo atasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa sauti ileile akiletewa beseni, akiletewa jogoo, au akiletewa viatu vya ngozi vya mtoto ambaye hata shingo yake bado haijakaza. Na mtoaji hurudi kwake akiwa na yakini kwamba amepatia, kisha mzazi mwingine akijifungua hukosea vilevile.

Kosa linalostahili kutangulizwa ni la kijiografia. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa, ambao nyanda za Kyela zimelala kandokando yake, uko kwenye mita kama 475 tu. Mnunuzi husimama dukani Mbeya mwezi wa Juni, mikono ameificha kwapani kwa baridi, akamfikiria yule kichanga wa shemeji yake, na jambo la kwanza linalomjia ni blanketi: si shuka jepesi, bali lile blanketi zito la manyoya lenye picha ya simba, lililokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu. Hupanda nalo kosta, na kosta ikapita Uyole, ikapita Kiwira, ikafika Tukuyu ambako abiria bado wamejifunga makoti na blanketi bado lina hoja. Kuanzia hapo barabara huteremka kati ya mashamba ya chai na migomba, makoti yanavuliwa moja baada ya jingine, madirisha yanasukumwa, na kufikia Kyela mjini mchukuzi wa blanketi anatiririkwa na jasho kwa kulipakata tu. Onyo hilo lote, lililotolewa na mwili wake mwenyewe kwa saa kadhaa, halimbadilishi nia. Analikabidhi kwa mikono miwili mbele ya mtoto aliyelazwa barazani juu ya mkeka, hana nguo zaidi ya kishati, huku bibi yake akimpepea kwa kipande cha boksi.

Ieleweke kwamba blanketi la namna hiyo halipotei bure. Hutandikwa juu ya kochi wageni wakija, hupigwa picha na mtoto akiwa pembeni yake ili mtoaji atumiwe kwa simu, na siku ndugu wa Isongole anapojifungua, kule juu ambako baridi ni ya kweli, hupandishwa mlima likiwa ndani ya mfuko wake uleule wa zipu, na hatimaye hufika mahali ambapo lingepaswa kupelekwa tangu mwanzo. Sweta za mtumba hazina bahati hiyo, kwa kuwa marobota, yaani yale mafungu makubwa ya nguo zilizovaliwa ng'ambo, hayachagui majira, na mtoto wa Kyela huweza kuvishwa Januari kisweta chenye picha ya kulungu akikimbia kwenye theluji, akalia mpaka avuliwe.

Wanaotoka Dar es Salaam hawaleti mablanketi. Wao huleta chokoleti, na hapo ndipo mkasa unapogeuka wa kiuchumi. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hulimwa Kyela. Mti wake huzaa matunda marefu yanayoning'inia kwenye shina lenyewe, na mkulima akishayapasua hupata mbegu zilizozungukwa na ute mweupe, ambazo huvundikwa siku kadhaa, huanikwa, huuzwa kupitia vyama vya ushirika, na nyingi huishia viwandani nje ya nchi. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto linalokaribia lile la mwili wa binadamu, jambo ambalo watengenezaji wa Ulaya wanaliona kuwa sifa, kwa maana chokoleti hukaa imara mkononi na kuyeyukia mdomoni. Kwa hiyo mgeni anapofungua mkoba wake Ipinda saa nane mchana, zao lililotoka wilayani humo na kuzunguka nusu ya dunia hurejea nyumbani likiwa mchuzi ndani ya karatasi ya dhahabu. Mtoto wa miaka mitatu hulichovya kidole kwa adabu, akaonja, kisha akarudi uani kwa wenzake waliojipanga kando ya rundo la matunda yaliyopasuliwa, kila mmoja akifyonza ute wa mbegu mpaka midomo inang'aa, na mbegu zilizokwisha kufyonzwa wakizirudisha kwenye ndoo kwa siri, baba asijue.

Mvua nayo ina neno katika suala hili. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi sana nchini, na masika yanapofikia kilele chake kati ya Machi na Mei, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupanda kingo zake na kuingia mashambani, hata kwenye majaruba ya ule mpunga unaowafanya wafanyabiashara wa mikoa mingine wauite mchele wowote kuwa wa Kyela. Katika miezi hiyo tatizo kuu la mzazi ni kamba ya kuanikia. Nepi za vitambaa zilizofuliwa Jumatatu huwa bado mbichi Jumatano, na mtoto, ambaye hajui habari za majira, anaendelea na kazi yake kama kawaida. Ni hapo tu ndipo inapoonekana hekima ya akina mama wazee, ambao vijana huwacheka kwa kukosa ubunifu, maana zawadi yao haibadiliki: doti ya khanga, yaani vipande viwili vilivyoungana, pamoja na sabuni. Khanga moja humbeba mtoto, humfunika, humfuta, humkinga na jua, na ikichakaa hukatwa nepi. Wala haina saizi, tofauti na suruali ya mtoto wa miezi mitatu, ambayo kwa kuwa uzito wa kichanga huongezeka maradufu katika miezi mitano hivi ya mwanzo, huvaliwa mara mbili kisha hurithiwa na mwanasesere.

Chandarua ni zawadi nyingine isiyokosea, kwa kuwa mbu wa nyanda hizi hawana likizo; na tangu mwaka 2004, Serikali ilipoanzisha mpango wa Hati Punguzo uliowapa wajawazito vocha za kununulia vyandarua kwa bei nafuu, wazo la mtoto kuzaliwa akiwa na neti yake si geni tena. Sharti lake ni moja, kwamba mtoaji aifunge mwenyewe juu ya kitanda kabla hajaaga, la sivyo ataikuta safari ijayo ikilinda mchicha dhidi ya kuku.

Kuhusu vitu vya kuchezea, insha hii ina msimamo mkali. Bata wa plastiki mwenye betri, anayeimba wimbo mmoja wa Kichina kila anapoguswa, haonyeshi upendo bali ushahidi kwamba mtoaji analala nyumba nyingine. Zaidi ya hayo, vifaa vyenye vipande vidogo na betri zinazochomoka havimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu, ambaye hukagua kila kitu kwa kukitia mdomoni. Aliye karibu na Matema angeweza kufika Lyulilo siku ya gulio, Jumamosi, wanapouza wanawake wa Kikisi wa Ikombe vyungu vyao vilivyofinyangwa kwa mkono, akachagua kidogo kwa ajili ya mtoto wa miaka minne au mitano anayependa kujipikilisha. Kitavunjika, naam, lakini kitavunjika kimyakimya.

Mwisho ni suala la nani anakabidhi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza kwa kirefu mila ya mkwe wa kike kujitenga na baba wa mumewe, asikutane naye uso kwa uso wala kukaa naye mahali pamoja. Mila hiyo imelegea sana siku hizi, ila bado wapo wazee wanaoona haya kuingia chumba cha mzazi, na babu wa aina hiyo hulazimika kumtuma mjukuu mkubwa, wa miaka saba hivi, apeleke pakiti ya biskuti kwa ajili ya kaka yake mdogo, yule aliyenuna tangu kichanga kifike. Umbali ni kutoka mwembeni hadi mlango wa nyuma. Pakiti hufika imefunguliwa, ina biskuti nne, na mjumbe, makombo yamemjaa kifuani, hutoa salamu zote za babu bila kusahau hata moja. Mama hushukuru kwa sauti ya kusikika mpaka mwembeni, babu huridhika, na ni jirani tu, siku mbili baadaye, anayemdokeza mzee ukweli wa mambo. Naye safari ya pili hutuma sabuni ya mche, ambayo mjumbe huifikisha nzima.